Noti Yenye Plasta

Profesa Vibanda alikuwa anafuta kioo cha kaunta kwa mara nyingine tena, na kioo chenyewe hakikuwa na vumbi. Vumbi lingetoka wapi, jamani, wakati hata nzi walikuwa hawaingii mle dukani? Nyuma yake rafu zilijaa madaftari, faili, gundi, kalamu za kila rangi na bahasha za kila ukubwa. Pembeni ilikaa mashine ya fotokopi, jitu zima, ambalo kila likiamshwa linatafuna karatasi mbili ndipo litoe moja. Na mchana huo mwenye nyumba alikuwa anakuja na mkataba mpya wa miaka mitatu. Kodi ya mwaka mzima ilipwe papo hapo, ndivyo alivyosema, tena kwa adabu zote.

Pesa za kodi zilikuwepo, na hapo hasa ndipo palipomuuma, kwa sababu zilikuwa pesa za bati. Profesa na mkewe walikuwa na nyumba ndogo nje ya mji. Kuta zimesimama, madirisha yapo, baraza ya kukaa jioni ipo, lakini ukiinua macho unaona mawingu. Walikuwa wameweka pesa za kuiezeka ili wahamie huko wakapumzike. Sasa akitia saini leo, mvua itaendelea kulala chumbani kwao miaka mingine mitatu, na wao sio vijana tena wa kusema watasubiri.

Alitaka kufunga. Tusifichane, mtu huyu alilichukia duka lile kuanzia kufuli mpaka msumari wa kutundikia kalenda. Usiku alikuwa akiiota ile mashine. Lakini kila alipofungua mdomo kumwambia mkewe, mdomo ulisema kitu kingine, mara hali ya hewa, mara chumvi imepungua kwenye mchuzi.

Ngoja nikueleze alifikaje hapo, maana bila hivyo utamwona mjinga, na mjinga siye.

Alikuwa mchumi. Wenzake waliosoma naye walikwenda benki kuu na wizarani, wakafunga tai, wakapewa viti vinavyozunguka. Yeye alibaki chuo kikuu akifundisha, na kila likizo akashika dodoso lake, yale maswali yaliyopigwa chapa, akaingia mitaani kuzungumza na mafundi viatu, wauza mboga, washona nguo na vinyozi. Ulianza lini? Mtaji ulitoka wapi? Mteja wako wa kwanza alikuwa nani? Wenzake walimcheka mpaka basi. "Sisi tunapanga uchumi wa nchi, mwenzetu anahesabu nyanya!" Ndipo jina la Profesa Vibanda lilipomganda. Walidhani atanuna, kumbe alilipenda, akawa anajitambulisha nalo hata kwenye mikutano mikubwa.

Akazeeka na kazi hiyo hiyo. Akaandika vitabu, akaitwa kushauri, wageni wakapanda ndege kuja kumsikiliza. Kilichomjengea jina hasa ni jambo moja alilolisema kabla ya wengine: kwamba biashara ndogo haimmalizi mwenyewe siku inapokufa, inammaliza kwa sababu inachelewa kuzikwa. Mtu anajua kabisa duka limekwisha, lakini kila asubuhi anafungua, analilisha akiba, analilisha ng'ombe, analilisha kiwanja, na siku anayofunga hana hata nauli. Darasani alikuwa akichora mstari ubaoni. Hapa mtu amejua, pale mtu amefunga, na huu muda katikati aliuita "pengo". Wanafunzi walilipenda pengo hilo, wakaliandikia tasnifu.

Ila kwa nini watu wanachelewa? Hilo halikumpa raha maisha yake yote. Ndiyo maana swali la mwisho kwenye dodoso lake lilikuwa: "Kwa nini hukufunga mapema?" Na hakuna aliyelijibu. Watu walicheka, walijikuna kichwa, walisingizia hali ya soko. Kuna fundi viatu mmoja ambaye hakuwahi kumsahau. Alipoulizwa, yule bwana alitazama ndani, mkewe alikokuwa anakunja nguo, kisha akashusha sauti na kusema, "Andika hali ya soko, Profesa." Profesa akaandika hali ya soko, akaenda kibanda kinachofuata.

Sasa siku ya kumuaga chuoni, ukumbi umejaa, maua mezani, wakamwomba mkewe aseme neno. Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache na yote yenye pilipili, na mtaa mzima walimwita Sista. Akasimama, akashika maiki, akasema, "Huyu baba amewauliza watu habari za biashara tangu nina kiuno. Sasa amestaafu, na sisi tutafungua duka, tuone kama majibu anayajua!" Watu walivunjika mbavu. Walipiga meza, soda zikamwagika.

Kila mtu alicheka isipokuwa mtu mmoja. Profesa alitazama macho ya mkewe yanavyong'aa. Alijiambia, kumbe huyu mwanamke amekuwa na ndoto ya duka miaka yote hii, na mimi niko mitaani nawauliza wake za watu ndoto zao! Akaona haya kweli kweli. Wiki haikuisha, keshapanga chumba. Aliuza gari, akanunua rafu, bidhaa na ile mashine. Alipomwekea mkewe ufunguo mkononi, Sista aliutazama muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Haya. Hongera, mume wangu." Profesa alichukua tabasamu lile akalihesabu kuwa furaha. Mtu mwenye shahada ukutani kuzidi picha za watoto!

Na duka? Duka halikuwa na wateja. Watoto wa shule wananunua madaftari kwa jumla mwanzoni mwa mwaka, watu wa ofisi wana mashine zao, na kalamu moja ukimpa mtu makini anakaa nayo mpaka anasahau aliinunua wapi. Waliokuja ni wachache, na walikuja kiajabu ajabu. Dadake mkubwa, kwa mfano, alikuwa haachi kununua bahasha.

"Dada, bahasha zote hizi unamwandikia nani?" Profesa alimuuliza siku moja.

"We mtoto niuzie," dada alijibu. "Maswali yako peleka chuoni."

Walikuja pia wauguzi wastaafu, wawili wawili, wakinunua kalamu nyekundu na kuondoka haraka kama waliotoroka zamu. Na kulikuwa na ile noti. Noti ilichanika katikati, mtu akaiunga kwa plasta nyeupe, ile ya kubandikia bandeji. Ilipoingia dukani mara ya kwanza Profesa aliicheka. Jioni alimpelekea mkewe mauzo ya siku kama kawaida, noti yenye plasta ikiwemo. Hazikupita siku nyingi, noti ile ile ikarudi dukani, mkononi mwa dadake. Ikaenda nyumbani. Ikarudi tena, safari hii na muuguzi mmoja mwenye miwani.

Unadhani mchumi wetu alishtuka? Alifurahi! Alimwita mkewe sebuleni. "Umeiona hii noti? Pesa ya mtaa huu haitoki nje, inazunguka humu humu. Huu ndio mzunguko wa fedha niliokuwa nikiufundisha, sasa nimeushika kwa mkono. Nitaiandikia makala."

Sista alikohoa. "Sufuria inaungua," akasema, akaenda jikoni, na jikoni hakukuwa na sufuria motoni.

Basi, turudi siku ile ya mkataba. Profesa anafuta kaunta, saa zinakwenda, roho juu. Mlango ukafunguliwa, akadhani ni mwenye nyumba, kumbe ni binti mmoja amebeba mkoba begani. Alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, aliyemsimamia mpaka akapata udaktari, na sasa ndiye aliyeachiwa kuuongoza ule utafiti wa vibanda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu! Umepotea. Unataka kalamu?"

"Nimekuja kazini." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Kompyuta imechagua maduka ya barabara hii kwa kubahatisha, na lako limo. Nimefikiri labda niliruke, kwa heshima."

"Uliruke? Mimi nilikufundisha kuruka maduka?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi vuta kiti uulize."

Akavuta kiti, akatoa tableti, akaanza. Maswali yalikuwa yale yale ya Profesa, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza maishani alikaa upande wa kujibu. Ulianza lini? Hilo lilikuwa rahisi. Mtaji ulitoka wapi? Gari. Mteja wako wa kwanza alikuwa nani? Dada yangu. Mpaka hapo alikwenda vizuri.

"Biashara inaendaje?"

"Inakwenda," alisema, akacheka kidogo.

"Wateja wameongezeka au wamepungua?"

"Wapo wapo. Wanakuja." Akajikuna kichwa.

"Ukilinganisha na ulivyotarajia?"

"Aa, si unajua," alisema Profesa, "hali ya soko."

Neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe. Alikuwa amelisikia neno hilo mamia ya mara, akaliandika kwa mkono wake, akalitolea asilimia, na leo ndipo alipojua linavyokaa mdomoni. Alimkumbuka fundi viatu. Alimwona kabisa, anavyotazama ndani, mkewe anakunja nguo.

Binti hakuinua macho. Alibonyeza tu, akaendelea.

Wakati huo Sista alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma na hotipoti ya chakula cha mchana. Aliposikia sauti ya mgeni alisimama nyuma ya rafu ya mafaili, asije akawakatiza. Profesa hakumwona.

"Limebaki la mwisho," binti alisema.

"La mwisho nalijua, nimelitunga mwenyewe." Profesa alijikaza. "Duka langu halijafungwa, kwa hiyo halinihusu."

"Tumelibadilisha, mwalimu. Utanisamehe." Sasa alimtazama usoni. "Lile la zamani watu hawakulijibu. Ukimuuliza mtu kwa nini hakufunga mapema, ni kama unamgombeza. Sasa tunamuuliza kila mtu, aliyefunga na ambaye hajafunga."

"Mnamuuliza nini?"

"Tunamuuliza hivi: ukiamua kufunga leo, ni nani unayeogopa kumwambia?"

Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakapotelea mbali. Profesa alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Alitaka kusema hali ya soko, na hiyo nayo ikagoma.

"Mke wangu," akasema.

Likishatoka la kwanza, mengine yalimwagika yenyewe. "Hili duka ni ndoto yake. Alilisema mbele ya ukumbi mzima, nawe ulikuwepo. Amenivumilia maisha yote, natembea na makaratasi, likizo moja sijakaa nyumbani. Kitu kimoja tu ndicho alichonitaka, duka, na hata hicho kimenishinda. Nitamwambiaje? Duka limekufa, binti yangu. Lilikufa zamani. Mimi nalifungua kila siku kwa ajili yake, na leo nitalipa pesa za bati ili niendelee kulifungua."

"Ndoto ya nani?" sauti ikauliza nyuma ya mafaili.

Profesa aliruka akagonga mashine ya fotokopi, nayo ikaamka ikaanza kutafuna. Sista akajitokeza na hotipoti yake kifuani, macho ameyatoa.

"Nimeuliza, duka ni ndoto ya nani?"

"Yako," Profesa alisema kwa sauti ndogo. "Si ulisema? Siku ya kuagwa."

"Ule ulikuwa utani!" Sista aliibwaga hotipoti juu ya kaunta. "Utani, baba! Watu walicheka, wewe hukuwasikia? Mimi nimesimama wodini miaka yote, miguu imevimba, halafu nikistaafu niote kusimama tena dukani? Nilitaka kukaa! Nilitaka kukaa barazani kwangu nitazame watu wakipita!"

"Sasa mbona nilipokupa ufunguo ulisema hongera?"

"Ningesema nini? Umekuja unang'aa kama mtoto wa sikukuu, umeuza gari! Nikasema, masikini, mume wangu ameandika habari za maduka maisha yake yote, kumbe alikuwa analitamani lake. Nikasema nitakufa na tai shingoni, silivunji hili."

"Mimi nalitamani?"

"Ningejuaje? Kila jioni unakuja na mauzo, unacheka, unanisomea habari za mzunguko wa fedha!" Hapo Sista akaziba mdomo kwa mkono.

Profesa alimtazama. Taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi ya taa, aligeuka akafungua droo ya pesa. Noti yenye plasta ilikuwa juu kabisa. Aliiinua.

"Hii plasta," alisema, "ni ya hospitali."

"Ni yangu," alisema Sista. "Niliibandika mwenyewe mezani kwetu. Nampa dada yako, dada yako anakuletea, wewe unaniletea mimi, mimi nawapa wauguzi wenzangu. Tumezunguka nayo mpaka plasta imeanza kubanduka. Niliogopa ukikosa wateja utavunjika moyo."

"Na kalamu nyekundu?"

"Ziko uvunguni. Ukitaka kusahihisha mitihani ya nchi nzima, wino unao."

Binti wa utafiti alikuwa ameinamia tableti yake, mabega yanatikisika. Alijizuia akashindwa. Akauliza kwa sauti ya kikazi kabisa, machozi yanamtoka, "Na wewe mama, ulikuwa unaogopa kumwambia nani?"

"Si huyu hapa!" Sista alimnyooshea mumewe kidole, na yeye mwenyewe akaanza kucheka. Profesa akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya boksi la karatasi, akavua miwani, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kufutia kaunta. Kifua chake, kilichokuwa kimebana tangu siku aliyopanga chumba kile, kilifunguka chote mara moja. Sista alikuja akaketi kwenye boksi la pembeni. Alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu tangu ujana wao.

"Tufunge?" Profesa aliuliza.

"Hata jana."

Mwenye nyumba aliwakuta hivyo hivyo, wazee wawili juu ya maboksi, chakula kinapoa kwenye kaunta. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda mzaha, ameshika mkataba ndani ya faili la plastiki. Profesa alisimama.

"Samahani kwa usumbufu, ndugu yangu. Hatuendelei. Tunafunga mwisho wa mwezi."

"Ala!" Mwenye nyumba alizungusha macho kwenye rafu. "Profesa mzima! Ina maana mmeshindwa?"

Hilo ndilo neno alilokuwa amelikimbia. Alilikimbia chuoni, kanisani, kwenye simu za wanawe, hata kwenye kioo cha kunyolea. Sasa lilikuwa limesimama mbele yake na faili mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Tumeshindwa."

Alisubiri dari imwangukie. Dari ilikaa palepale. Mwenye nyumba alijikuna shingo tu, akasema kuna mshona nguo amekuwa akimsumbua kila siku kuhusu chumba hicho, sasa je, hizi rafu wataziacha au wataziuza? Wakaongea habari za rafu. Wakaongea habari za mashine, na mwenye nyumba akasema hiyo wasimwachie, hataki laana. Akawaaga, akaenda zake.

Binti alifunga mkoba wake. "Mwalimu, majibu yako ya mwanzo niyafute? Lile la hali ya soko?"

Profesa alifikiri. "Lifute langu. Na ukirudi ofisini, yale makabati ya madodoso ya zamani, wale walioandikwa hali ya soko..." Akavaa tena miwani yake. "Wale walinijibu, binti yangu. Walikuwa wananionyesha kwa macho. Mimi nilikuwa naangalia karatasi."

"Tutawatafuta," alisema binti. "Wengine bado wapo. Twende wote, kama utaweza."

"Nitaweza. Ila nianze na bati."

Kabla binti hajafika mlangoni, mlango ulisukumwa, akaingia dadake Profesa, anahema, kashika pochi kwapani. Ilikuwa siku yake ya kuja kununua. Hakumsalimia mtu.

"Mdogo wangu, nipe bahasha. Zile kubwa."

"Wifi, basi," Sista alimwambia. "Yamekwisha. Tumeambiana, duka tunafunga."

Dada aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha alijitupa kwenye kiti alichokiacha binti, akanyoosha miguu yote miwili. "Afadhali! Afadhali, jamani! Nimebakiza kulala juu yake. Kabati limejaa, chini ya kitanda kumejaa, wajukuu wanazifanya ndege. Sasa mnieleze, bahasha zote zile nizipeleke wapi?"

Sista alifungua hotipoti, akaanza kugawa chakula, na kwanza kabisa akampakulia mumewe.

"Zitunze hizo hizo," alisema. "Siku nyumba yetu ikipata bati, kila mtu wa mtaa huu ataletewa mwaliko ndani ya bahasha."